Seli T, seli B na IgG2a isiyoonekana

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, naishi Upanga, Dar es Salaam. Niliwachanja panya wa ukoo wa C57BL/6 kwa ovalbumini (protini ya ute wa yai) iliyochanganywa na alamu (chumvi ya alumini inayochochea kinga), mara mbili, kwa kupishana wiki mbili. Nilipopima aina za kingamwili katika seramu zao kwa ELISA, kipimo kinachozionyesha kwa rangi, nilipata IgG1 nyingi sana, lakini IgG2a ilikuwa kama haipo. Msimamizi wangu anasema seli T, ambazo ni seli nyeupe za kinga, ndizo zilizoamua hivyo. Naomba unieleze: seli T hazitengenezi kingamwili, sasa zinaamuaje aina ya kingamwili itakayotengenezwa na seli B? Na je, ni kweli kwamba zipo seli T ambazo kazi yake ni kuzuia?

JIBU: Marahaba. Msimamizi wako amesema kweli, ila kabla hujaiandika kauli hiyo kwenye tasnifu yako, kuna jambo moja la kuhakikisha ambalo linahusu zaidi panya uliowatumia kuliko seli T zao. Nitalifikia, lakini kwanza nijibu ulichouliza.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, tezi ya thaimasi iliyo kifuani karibu na moyo ilidhaniwa kuwa haina kazi kubwa. Mwaka 1961 Jacques Miller, akiwa London, alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi hiyo punde baada ya kuzaliwa walikua wakiwa na limfosaiti (seli nyeupe za kinga) chache, na walishindwa hata kuikataa ngozi waliyopandikizwa kutoka kwa panya wa ukoo mwingine. Miaka mitano baadaye, huko Denver nchini Marekani, Henry Claman na wenzake waliwapiga panya mionzi ili kuziua seli zao za kinga, kisha wakawarudishia seli za aina tofauti pamoja na chembe nyekundu za damu ya kondoo. Waliopewa seli za thaimasi pekee walitoa kingamwili kidogo, na waliopewa seli za uboho pekee vivyo hivyo. Waliopewa zote mbili walitoa nyingi kupita jumla ya makundi yale mawili. Kisha mwaka 1968 Miller na Graham Mitchell, wakiwa Melbourne, walithibitisha kwamba seli zinazotoa kingamwili asili yake ni uboho, na zile za thaimasi husaidia tu. Hapo ndipo ulipoanzia mgawanyo wetu wa seli T na seli B.

Kipimo kilichowezesha kazi hiyo kilielezwa na Niels Jerne na Albert Nordin mwaka 1963, nami natamani kila mwanafunzi wa fani hii akione japo mara moja. Seli za bandama ya panya aliyechanjwa huchanganywa na chembe nyekundu za kondoo ndani ya agari ya uvuguvugu, zikamiminwa kwenye sahani na kuongezewa komplimenti, yaani protini za damu zinazopasua seli zilizoshikwa na kingamwili. Ukiiinua sahani kwenye mwanga, uwanja wote ni mwekundu, isipokuwa vidoa vidogo visivyo na rangi. Katikati ya kila kidoa imo seli moja ambayo kingamwili zake zimesababisha chembe zote zilizoizunguka kupasuka, kwa hiyo unachohesabu kwa jicho lako ni seli zenyewe, moja baada ya nyingine.

Sasa, msaada wenyewe hutolewaje? Seli B huinasa ovalbumini kwa kipokezi chake, huimeza, huikatakata, kisha huvionyesha vipande vyake juu ya utando wake vikiwa vimeshikwa na molekuli za MHC za daraja la pili, ambazo kazi yake ni kuzionyesha seli T vipande vya protini. Seli T saidizi inayokitambua kipande hicho hujishikiza kwa seli B hiyo, na protini yake iitwayo CD40L hukutana na CD40 ya seli B. Bila mguso huo seli B haiendi mbali: panya wasio na CD40L hutoa IgM, kingamwili ya awali, lakini wanapochanjwa kwa protini hushindwa kutoa IgG ya maana. Mguso unapofanikiwa, seli B huzaliana kwa kasi katika vituo maalumu ndani ya bandama na mitoki, na jeni za kingamwili zao hubadilika kidogo kila zinapogawanyika. Seli B ambayo mabadiliko yake yameiwezesha kunasa antijeni (hapa ni ovalbumini) nyingi zaidi huonyesha vipande vingi zaidi, hupata msaada mwingi zaidi, na huendelea kuishi, zilizozidiwa hufa. Kwa maoni yangu huu ndio moyo wa swali lako, kwamba seli T hutawala kwa kuwa msaada wake ni haba na seli B zinaugombania.

Jambo hili si la panya tu. Chanjo ya nimonia anayopewa mtoto kliniki akiwa na wiki 6, 10 na 14 imeundwa kwa sukari za ganda la bakteria zilizounganishwa na protini, kwa sababu sukari peke yake haina vipande vya kuionyesha seli T, na mtoto wa umri huo haitikii ipasavyo.

Aina ya IgG huamuliwa na saitokini, yaani protini za kupelekeana ujumbe kati ya seli, zinazotolewa na seli T hiyohiyo. Mwaka 1986 Tim Mosmann, Robert Coffman na wenzao walieleza kwamba seli T saidizi za panya zipo za namna mbili kufuatana na saitokini zinazotoa. Saitokini iitwayo interlukini 4 huielekeza seli B ya panya kwenye IgG1 na IgE (kingamwili ya mzio), ilhali nyingine, intaferoni gama, huielekeza kwenye IgG2a. Alamu, ambayo ni ya jamii moja na shabu tunayotulizia tope la maji, huvuta sana upande wa interlukini 4. Kwa hiyo IgG1 yako nyingi ndiyo hasa iliyotarajiwa.

Lakini IgG2a? Panya wa C57BL/6 hawana jeni ya IgG2a. Wao wana IgG2c, ambayo huchukua nafasi hiyohiyo. IgG2a utaipata kwa panya wa ukoo wa BALB/c. Niliwahi kukaa na mwanafunzi mbele ya sahani ya ELISA kama yako: visima (vishimo vya sahani hiyo) vya IgG1 vilikuwa vya njano iliyokolea hadi mstari wa mwisho, vya IgG2a vikawa vyeupe kama maji, na tayari alikuwa ameandika kurasa mbili kuhusu seli T zilizoegemea upande mmoja. Tulipozipima upya seramu zilezile kwa kitambuzi (kingamwili ya kuigundua) cha IgG2c, visima vya mwanzo vikaonyesha rangi. Ilikuwa hafifu, naam, lakini hafifu na sifuri havitafsiriwi sawa.

Kuhusu seli zinazozuia, zipo, ingawa historia yake ina makovu. Richard Gershon na Kazunari Kondo walizipendekeza mwaka 1970 kutokana na majaribio ya panya. Fani nzima ikazifuata, hadi jeni iliyodaiwa kuzitambulisha, I-J, ilipotafutwa kwenye DNA mwanzoni mwa miaka ya 1980 na mahali pake pakakosekana. Wengi walizikimbia. Shimon Sakaguchi hakuziacha, na mwaka 1995 alionyesha kwamba ukiziondoa seli T zenye CD25, protini iliyo juu ya utando wake, kisha ukawapandikiza zilizobaki panya wasio na thaimasi, miili yao hujishambulia yenyewe. Baadaye ikathibitika kwamba seli hizo huongozwa na jeni ya Foxp3, na mwaka 2025 Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Tangu mwaka 2011 tunajua pia kwamba baadhi ya seli hizi huingia ndani kabisa ya vile vituo vya seli B na kuvidhibiti, visije vikatoa kingamwili dhidi ya mwili wenyewe.

Usizitaje, hata hivyo, kama sababu ya matokeo yako kabla ya kuzijaribu. Na ukiamua kuziondoa kwa kingamwili ya PC61 inayolenga CD25, kumbuka kwamba seli T saidizi zikishaamka nazo huvaa CD25, kwa hiyo ukiidunga baada ya chanjo unaweza kuwaondoa wasaidizi pamoja na wazuiaji.

Kwa sasa toa seramu zako kwenye friza, zipime kwa kitambuzi cha IgG2c, na uweke kando yake seramu ya C57BL/6 waliochanjwa ovalbumini pamoja na CpG (vipande vya DNA vinavyofanana na vya bakteria) badala ya alamu, kwa kuwa hao wanapaswa kuwa na IgG2c ya kutosha. Kisima cha seramu hiyo kisipobadilika rangi, kosa limo kwenye kipimo, na seli T bado hazijaulizwa chochote.