Umechoka na wodi? Ondoka, lakini leseni usiiache ife

Dada, umeandika kwamba mwezi ujao unaacha wodi unaingia mauzo kwenye kampuni ya vifaa tiba, na kwamba leseni ya uuguzi huihuishi tena kwa sababu "haina kazi." Simama hapo hapo. Maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka 6 iliyopita.

Aliyenipotosha ni wakala wa ajira. Nilimuuliza waziwazi kama saa zangu kwenye kampuni kama hiyo yako zitahesabiwa kuwa kazi ya uuguzi wakati wa kuhuisha leseni. Akanijibu, "Wewe sasa ni mtu wa mauzo, leseni ya nini?" Yeye alikuwa analipwa nikisaini! Hajawahi kushika leseni ya uuguzi maishani mwake, na bado alinishauri kuhusu yangu kwa kinywa kipana. Hadi leo linanichoma.

Mwaka wa 4 nikaitwa kwenye usaili wa kazi niliyoililia: udhibiti wa maambukizi. Kufuatilia vidonda vya upasuaji na mipira ya mkojo, kufundisha wenzangu usafi wa mikono, zamu za usiku hakuna. Walinipenda. Kisha mama wa utumishi akaomba leseni. Akaigeuza, akaweka kidole kwenye tarehe, akanirudishia bila neno.

Kuirudisha kulinila miezi 8: masomo ya kurejea kazini, mtihani, halafu zamu chini ya uangalizi bila mshahara, wodini kule kule nilikokukimbia. Mwanafunzi alinionyesha namna ya kupitisha mpira wa dripu kwenye mashine nisiyowahi kuiona, mikono yangu ikitetemeka. Ile nafasi ilishachukuliwa zamani.

Kwa hiyo kabla hujasaini, liandikie baraza lako la wauguzi, uliza kama kazi hiyo inahesabika, na jibu liwe la maandishi. Kila nchi ina kanuni zake. Uingereza, kwa mfano, baraza lao linataka saa 450 za kazi kila miaka 3, na saa za kufundisha, za utafiti au za uongozi zinakubalika mradi unatumia ujuzi wa uuguzi. Uuguzi wa shule, afya mahali pa kazi, utafiti wa dawa, vyote viko mbali na kitanda cha mgonjwa na mara nyingi vinadai leseni hai. Kama hiyo ya mauzo haihesabiki, tafuta zamu chache za kujazia.

Leseni yako inaisha lini? Kaitoe kabatini uitazame leo.