Maswali ya Wasomaji: Kuchonga Bao Nyumbani

SWALI: Nataka kuchonga bao la kete mwenyewe. Nitumie mbao gani, na vipimo gani? – Msomaji, Muheza

JIBU: Ndugu yetu, anza kufikiria shimo kabla ya mbao. Bao lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kila shimo lazima liruhusu vidole kuchota kete zote kwa mara moja. Upana wa sm 6 na kina cha sm 3 vinatosha. Lichonge kama bakuli. Kuta zikisimama wima, kete ya mwisho hujibana chini na mchezaji huanza kuikwangua kwa kucha, na mchezo unapooza.

Kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jirani yake pima sm 7, ili ukingo wa sm 1 ubaki kati yao. Usiubane zaidi ya hapo, kwani ukingo mwembamba hukatika patasi inapofuata nyuzi za mti. Hivyo tafuta ubao wa upana wa sm 30, unene sm 5 na urefu sm 78 hivi, upate na nafasi ya ghala la kuwekea kete kila upande. Ukikosa ubao mpana, gundisha mbili za inchi 6: kiungo kitaangukia kwenye ukingo ulio katikati ya bao, si ndani ya shimo.

Mninga au mvule mkavu ndio tunaoupendekeza. Msonobari huchongeka upesi, lakini kingo zake hubonyea. Toboa kwanza matundu kadhaa kwa keekee ndani ya duara ulilochora, ukiwa umefunga utepe kwenye keekee hiyo sm 2.5 kutoka nchani ili usipitilize. Kisha toa mbao kwa patasi yenye makali ya mviringo, umalizie kwa msasa namba 80, 120 na 240.

SWALI: Nyumba ichongwe wapi? Fundi wangu amezichonga mbili zikitazamana. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Amekosea, na kosa hili tunaliona mara nyingi. Nyumba ni shimo la tano kutoka kushoto katika safu ya mbele ya kila mchezaji, naye kila mmoja huhesabu kushoto kwake mwenyewe. Kwa hiyo nyumba mbili hukaa mshazari, hazitazamani. Kabla ya kuchonga, kaa upande mmoja uhesabu na kuweka alama, kisha zunguka ukae upande wa pili uhesabu upya. Nyumba huchongwa mraba, sm 6 kwa 6, na umbo hilo lina faida yake: hubeba kete nyingi zaidi. Hakikisha kwa kupanga kete za kuanzia: 6 nyumbani, 2 katika kila shimo kati ya mawili yanayofuata kulia, na 22 mkononi. Jumla 32 kila mchezaji.

SWALI: Bao langu limepasuka kuanzia mwishoni. Kwa nini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mbao ilikuwa mbichi. Maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha mbili za ubao, ncha hunywea kabla ya katikati, na ufa huanzia hapo. Safari nyingine paka ncha hizo nta au rangi na uukaushe ubao kivulini. Ufa wa sasa ujaze gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msasa. Usipake mafuta ya kupikia ili bao ling'ae, maana hayakauki na baadaye huchacha. Nta ya nyuki ni bora.

SWALI: Sina vifaa vya useremala. Watoto wangu watachezea nini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada, chukua trei mbili za mayai 30. Kila moja ina nafasi tano kwa sita. Kata kipande cha nne kwa nne, uviunganishe viwili kwa gundi juu ya kadibodi ngumu. Punguza kwa mkasi vichwa vinavyochomoza kati ya mashimo, la sivyo mkono utagonga na kuchanganya kete. Mashimo haya ni madogo kwa komwe, zile mbegu ngumu zinazotumiwa kama kete, kwa hiyo tumia mbegu za ubuyu zilizooshwa na kukaushwa. Maharage yaacheni jikoni, hubunguliwa. Andaeni mbegu 70, kwa sababu 64 zikiwa kamili leo, kesho mtatafuta moja chini ya kabati.