Vocha ya banki ya kupanda klasi mu ndeke: bei yake ya kweli ni ngapi?

SWALI: Yambo papa. Mi niko hapa Katuba, Lubumbashi. Yaya wetu mukubwa eko London, eko na konti ku banki Barclays, ile ya kulipa kila mwezi juu ya kupata Avios, ni pointi za safari za kompanyi ya ndeke British Airways, na kila mwaka banki inamupa vocha moja ya kupandisha klasi mu ndeke. Mama alikuwa kwake, sasa anarudi nyumbani na yaya anamusindikiza, wanapita Nairobi. Ametumia ile vocha juu ya bote wawili wakae biznesi kutoka London mpaka Nairobi, badala ya klasi ya katikati, ile iko kati ya ekonomi na biznesi. Sasa ameandika mu grupu ya famiya kama vocha yake iko na bei ya paundi 1,600, njo mchango wake, na sisi watoto wengine watatu kila mutu atoe hivyo hivyo. Hatuna hiyo feza. Ile vocha iko kweli na paundi 1,600? Na tunamuambia namna gani bila kumukosea heshima?

JIBU: Yambo dada yangu. Hii kazi ya tike naifanya kila siku hapa mjini na hiyo namba ya 1,600 najua inatokaka wapi. Yaya amefungua saiti ya kompanyi, ameangalia bei ya biznesi kwa feza, ameangalia bei ya klasi ya katikati kwa feza, ametoa moja ku ingine, akazidisha mara mbili juu beko bantu wawili. Hakudanganya, banki nazo zinapendaka mutu ahesabu hivyo juu vocha inaonekana kubwa. Lakini hiyo ni bei ya kitu chenye hakuna mutu mu famiya yenu alikuwa anaenda kununua, sivyo? Kama vocha haingekuwako, yaya angetoa feza yote ile juu ya biznesi? Kama jibu ni hapana, basi ile 1,600 haikutoka mu mufuko ya mutu yeyote.

Tuanze na vile vocha inafanya kazi, juu bila hiyo hesabu haitaeleweka. Vocha hailipi tike. Inakuruhusu kulipa Avios za klasi ya chini halafu ukae mu klasi moja juu yake, basi. Ni kwa mutu mumoja kwenda na kurudi, ao kwa bantu wawili njia moja, kama vile yaya amefanya. Ni mu ndeke za British Airways tu, na lazima kuwe kiti cha Avios mu ile klasi ya juu, kama vyote vimeisha vocha yako inabaki karatasi. Na takse na malipo ya kompanyi unalipa za klasi ya juu, kwa feza, si za klasi ya chini. Hapo ndipo watu wengi wanasahau.

Sasa tuweke namba. Hizi ni za mfano, nimezirahisisha ili uone njia, zako za kweli ziko ku karatasi ya rezervasio ya yaya, muombe tu. Tuseme London mpaka Nairobi klasi ya katikati inaomba Avios 45,000 kwa mutu na paundi 350 za takse na malipo, na biznesi inaomba Avios 70,000 na paundi 450. Bila vocha biznesi ya mama ingekuwa Avios 70,000 na paundi 450. Na vocha ni Avios 45,000 na paundi 450. Kwa hiyo vocha imeokoa Avios 25,000 kwa mama, na 25,000 zingine kwa yaya mwenyewe. Zile za yaya ni kiti chake, usiziingize mu deni ya mama.

Avios moja ni ngapi? Mimi nahesabuka peni moja (peni mia ni paundi moja), kuko wenye wanaweka peni 0.8, na nadhani bote tuko sawa kulingana na vile mutu anazitumia. Kwa peni moja, zile 25,000 za mama ni paundi 250. Hiyo ndiyo kilele ya bei ya vocha kwa mama mu huu mfano, na ni kweli tu kama yaya alikuwa tayari kumulipia mama biznesi kwa Avios hata bila vocha. Kama alikuwa anaenda kumuweka klasi ya katikati, basi vocha haikumuokolea kitu, ilimufanya aongeze paundi 100 za malipo ili mama alale vizuri usiku. Bei yake hapo ni ile yenye ninyi mungekubali kutoa juu ya mama kulala, ukiondoa hiyo 100, na hiyo kila famiya inajijua.

Kuko jambo moja la takse ya Uingereza nataka ulielewe kabisa, juu inabadilisha hesabu sana. Mutu akipanda ndeke kutoka Uingereza kuna takse ya serikali ya abiria, na mu ndeke za kawaida iko ya aina mbili: ya chini kwa klasi ya chini kabisa, na ya juu kwa klasi zote zingine, katikati na biznesi pamoja. Kwa umbali kama wa Nairobi, kuanzia Aprili 2025 mpaka Machi 2026 ilikuwa paundi 90 kwa ekonomi na 216 kwa zingine. Unaona sasa: mutu anayetumia vocha kutoka ekonomi kupanda katikati kwa bei hizo alikuwa anaongeza paundi 126 za serikali peke yake, kwa watu wawili ni 252, na hiyo inapunguza faida yake. Lakini mwenye anatoka katikati kwenda biznesi tayari alikuwa anadaiwa ile 216, takse ya serikali haisogei, inasogea tu malipo ya kompanyi. Kwa hiyo yaya alichagua vizuri, mupe hiyo heshima. Na akirudi London kutoka Nairobi ile takse haiko, inalipwa tu na mwenye anatoka kule.

Halafu swali lingine la muhimu: yaya amepoteza nini kwa kuitumia? Anaweza kukuambia "mi nalipa banki kila mwezi". Ni kweli, mpango ule ni paundi 12 kwa mwezi, 144 kwa mwaka. Lakini kila mwezi unamupa Avios 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka, na kwa peni moja ni paundi 180. Avios peke yake zimesharudisha feza yake na zaidi, vocha imekuja juu yake. Na banki yenyewe inamuachia achague: vocha ao Avios 7,000. Hapo banki inakuambia yenyewe bei ya chini ya hiyo vocha, ni kama paundi 70. Nusu ya mama ni 35. Ukiniuliza mimi, mu hesabu ya mchango wa famiya tunaandika kile mutu alichokiacha juu ya wengine, kwa hiyo ningeandika 35. Kama mukitaka kumufurahisha andikeni 250, lakini zaidi ya hapo sitakubali.

Lakini ngoja dada, usikimbie mu grupu na hiyo 35 umupigie yaya kelele, juu kuko kitu yeye mwenyewe hakukihesabu. Ametoa Avios 45,000 za mama, zile alizikusanya na angezitumia kwa safari yake na watoto wake, ni paundi 450. Na amelipa paundi 450 za takse na malipo kwa karti yake. Hiyo ni 900 ya kweli kwa ajili ya mama, na nusu ya vocha 35, jumla 935. Kwa hiyo yaya ametoa mingi, ila jina la kitu alichotoa si vocha. Mwambieni hivyo, mutu mukubwa akisikia mumemuhesabia vizuri hata kile alichosahau, hatakasirika kwamba 1,600 imekuwa 935. Muandikie pembeni kwanza, si mu grupu mbele ya wadogo wote: "Yaya, aksanti kwa mama, tumeangalia tukaona wewe umetoa 935 ya kweli, tusaidie kuona kama tumekosea namba." Na yeye atatuma ile karatasi ya rezervasio, muweke namba za kweli mahali pa zangu.

Na mchango wenu uko wazi kabisa, juu vocha inaishia Nairobi. Kutoka Nairobi mpaka Luano, uwanja wetu wa ndeke hapa Lubumbashi, haiguse, lazima tike ingine za kompanyi ingine za bote wawili, na kama ndeke hazikutani vizuri kuko na usiku wa oteli. Tike ya mama na oteli yake mugawanye ninyi watatu. Tafadhali muangalie saa vizuri: tike zikinunuliwa mbalimbali, ndeke ya London ikichelewa kompanyi ya pili haina lazima ya kuwangojea, na mizigo huenda ikabidi mama aichukue Nairobi na kuiandikisha upya. Kwa mama mwenye umri mi ningelipa oteli ya usiku moja kuliko kumukimbiza mu uwanja na saa mbili tu mukononi, na muombe kiti cha magurudumu wakati wa kununua tike, hailipiwi, lakini inaombwa mapema.