Mashine ya kukaushia nguo haiwaki: anza na mlango, kisha fyuzi

Pole dada, najua adha ya nguo mbichi za watoto wakati wa baridi. Umesema taa ya ndani inawaka ukifungua mlango, ila ukibonyeza kitufe mashine iko kimya. Basi umeme unafika, walau kwa sehemu. Huku Marekani mashine isiyo ya gesi kwa kawaida hutumia volti 240 zinazokuja kwa nyaya mbili, na huenda upande mmoja umekatika. Kwa hiyo nenda kwenye kisanduku cha umeme cha nyumba, zima kabisa breka yake (swichi inayojikata umeme ukizidi), kisha uiwashe tena.

Bado? Funga mlango huku umetega sikio. Usiposikia "tik", shuku swichi ya mlango.

Kwenye mashine yangu shida ilikuwa fyuzi ya joto, ile inayokata umeme mashine ikipata joto kupita kiasi. Chomoa plagi kwanza, ndipo ufungue kava la nyuma. Karibu na feni kuna kidude chenye nyaya mbili, mara nyingi cheupe; ndiyo fyuzi yenyewe. Zitoe nyaya, ukipime kwa multimita (kipimo cha umeme) ukiiweka kwenye alama ya mlio: isipolia, kimeungua. Tafadhali usiziunganishe nyaya moja kwa moja hata kwa siku moja, unaweza kuunguza nyumba. Na usifunge fyuzi mpya kabla ya kusafisha bomba la kutolea hewa. Langu lilikuwa limeshindiliwa manyoya ya nguo kama mto wa kulalia, ndiyo maana fyuzi ikaungua.