Mialiko ya bosi inamfikia sekretari wa zamani

SWALI: Habari fundi. Mi ni sekretari ofisi moja hapa Dar, nina miezi minne tu toka nianze. Shida ni kwamba mtu yeyote akimtumia bosi mwaliko wa kikao kwenye Outlook, unamfikia pia dada aliyekuwa kwenye kiti hiki kabla yangu, na yeye alishahamishiwa stoo toka mwaka jana. Imeili za kawaida hazimfikii, ni mialiko tu. Juzi umetumwa mwaliko wa kikao cha kujadili upotevu stoo, kaupata! Sasa maneno yameanza kwamba mi ndo navujisha. Watu wa IT wanasema wamekagua hakuna fowadi yoyote, ile ya kumpelekea mtu mwingine imeili za bosi zenyewe. Nifanyeje? – Sekretari, Dar

JIBU: Pole sana dada, na huyo wa stoo naye mpeni pole, hajadukua kitu, anapokea tu anacholetewa. Hapo uliposema imeili za kawaida hazimfikii umeshanimalizia nusu ya kazi, maana kama ni fowadi ingebeba kila kitu mpaka matangazo ya michango ya harusi. Na ingekuwa inatokea kwa mtumaji mmoja tu, ningesema ni yale majina yanayojileta yenyewe ukianza kuandika kwenye "To", mtumaji anabonyeza X pembeni ya jina bovu basi kwisha. Ila yako inatoka kwa kila mtu na ni mialiko peke yake, hiyo ni dilegeti.

Dilegeti ni msaidizi ambaye bosi kamruhusu kushika kalenda yake, na kuna kiboksi kikiwekwa tiki anapata nakala ya kila mwaliko wa bosi. Yule dada aliwekwa enzi zake, akahama kiti, kompyuta hakuna aliyeiambia. IT hawakuona kitu kwa sababu hii haikai kwenye fowadi za seva wala kwenye orodha ya "Rules", ni ruli, yaani amri inayojiendesha yenyewe, iliyojificha ndani ya meilboksi ya bosi.

Kaa na bosi kwenye kompyuta yake, siyo yako na siyo simu, fungua ile Outlook ya zamani ya Windows, ingia "File", "Account Settings", halafu "Delegate Access". Ukimkuta yule dada mle, mtoe, OK. Mara nyingi inaishia hapo.

Kinachosumbua watu ni pale unafungua unakuta jina halimo na mialiko bado inaenda, hapo jina lilitolewa lakini ruli ikabaki kama mpangaji aliyehama na funguo. Muweke tena dilegeti yeyote, mpe kalenda kwa kiwango cha "Editor", tia tiki apokee nakala, OK, kisha mtoe, mara nyingi hiyo inailazimisha Outlook kuiandika ruli upya. Ikigoma waambie IT watumie MFCMAPI, programu ya kuchungulia ndani kabisa ya meilboksi, waingie kwenye inboksi ya bosi watafute ruli inayoitwa "Schedule+ EMS Interface" waifute, ila asiingie mtu wa kujaribujaribu kwenye programu ile, ukifuta kisichofutwa utakuwa na swali jingine la kuniandikia. Ikishafutwa, madilegeti halali wawekwe upya, na wewe umo.

Na msisubiri, kwa sababu siku yule dada akiacha kazi akaunti yake ikafutwa, kila atakayemwalika bosi atarudishiwa meseji kwamba mwaliko haukumfikia mtu ambaye hata hakumwandikia, na hapo simu zote zitapigwa mezani kwako.

Ukimaliza mwombe mwenzako amtumie bosi mwaliko wa majaribio, umpigie dada wa stoo umuulize kama umefika. Ile ya zamani iliyokwisha kuingia kwake haitatoka yenyewe, mwombe aifute, na umuombe kistaarabu.