Nilijifunza kuuliza kabla ya kunyoosha mkono

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa ugenini, ni adabu gani ya wenyeji iliyokuwia vigumu kuizoea, na ni ipi ya kwenu uliyokataa kuiacha?" Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Niliwahi kukaa London miezi mitano, nilipokwenda kumwangalia binti yangu aliyekuwa anatarajia mtoto wa pili. Swali lenu limenigusa kwa sababu kuna jambo lililonipata kule ndani ya basi, na mpaka leo halijanitoka moyoni.

Ilikuwa Novemba, mtaa wa East Ham, mashariki ya jiji. Basi lilikuwa limejaa. Mabasi ya kule yana uwazi katikati usio na viti, na hapo ndipo kina mama husimamisha vigari vya watoto. Lakini akija mtu wa kiti cha magurudumu, mahali hapo ni pake, na mwenye kigari hukikunja. Siku hiyo alipanda mzee mmoja wa kiti cha magurudumu. Dereva akateremsha ubao wa kupandia, mzee akaingia, na mama mmoja kijana akaanza kukunja kigari chake. Mkono mmoja kambeba mtoto wa miezi kama minane, mkono wa pili unahangaika na kigari kilichogoma kukunjika, na basi linaondoka. Mimi nilikuwa kiti cha jirani. Nikafanya ambalo mwanamke yeyote wa kwetu angelifanya kwenye daladala: nikanyoosha mikono nimpakate yule mtoto. Mtoto mwenyewe alishaanza kuniegemea, mate yanamtiririka kidevuni.

Mama yake akamvuta. Alimvuta kwa nguvu, akamgeuzia dirishani, akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu nizaliwe. Hakusema neno. Nikairudisha mikono yangu mapajani, na vituo vitatu vilivyobaki nikavimaliza nikiwa nimeinamisha kichwa.

Kwetu kupakata mzigo wa mwenzio safarini wala si wema wa kusimuliwa. Kati ya Kibirizi na Ujiji nimepakata watoto wachanga, mabegi, kuku waliofungwa miguu, na safari moja dumu la mawese lililonichafua kanga yote. Wenye mizigo hawakuwahi kuniomba na mimi sikuwahi kuwauliza. Anayekaa humpokea anayesimama, basi.

Jioni nilipomsimulia binti yangu, aliniuliza jambo moja tu.

"Mama, ulimwuliza?"

"Nimwulize nini, mtu anaelemewa namwona?"

"Huku unauliza kwanza, mama. Akikubali ndiyo unasaidia."

Sikulala vizuri. Lakini usiku huo ndipo nilipokumbuka kitu nilichokiona mle ndani ya basi nisikielewe. Baada ya mimi kurudisha mikono, kijana mmoja alichomoa visikilizio masikioni, akamwambia yule mama maneno mawili matatu huku akikionyesha kigari. Mama akatikisa kichwa kukubali. Kijana akakikunja, akakishikilia mpaka mama aliposhuka. Kwa hiyo msaada ulikuwepo, na watu wa kusaidia walikuwepo. Tofauti yangu na kijana yule ilikuwa mpangilio: kwetu mkono hutangulia na neno hufuata, kwao neno hutangulia.

Tangu hapo nikawa natazama kama mwanafunzi. Treni zao za chini ya ardhi zilianza mwaka 1863, na stesheni nyingi za zamani zina ngazi tupu, hazina lifti. Mara nyingi nilimwona mama amesimama chini ya ngazi na kigari, na mpita njia akasimama, akauliza, akakamata magurudumu ya mbele, wakapanda wote. Juu wakaagana kwa neno moja, kila mtu na njia yake. Hakuna aliyemgusa mtoto. Hata mkunga aliyekuja nyumbani baada ya binti yangu kujifungua, mtu wa kazi hiyo, alisimama mbele ya kitanda na kuuliza: naweza kumbeba? Akangoja ajibiwe ndipo akanawa mikono na kumchukua. (Mkunga huyo huyo aliniita kwa jina langu la kwanza, bila "mama" wala "bibi", na kusema kweli hilo liliniuma. Umri wake ni wa wanafunzi wangu wa mwisho. Binti yangu aliniapia kwamba kule ndivyo ukaribu unavyoonyeshwa. Nilimwelewa, lakini sikulizoea.)

Kuna kitu kingine kilichonifungua macho. Binti yangu alipokuwa mwezi wa nane alikuwa akibandika kifuani beji ndogo ya duara, nyeupe, yenye maneno ya kusema kuna mtoto ndani. Mamlaka ya usafiri ya jiji imekuwa ikiwagawia wajawazito beji hizo bure tangu mwaka 2005. Siku ya kwanza nilimwambia aivue. Sisi tumelelewa kwamba mimba haitangazwi, macho ya watu yatajionea yenyewe, na mdomo unyamaze mpaka Mungu atakapoleta heri. Akanieleza kwamba watu wanaogopa kumpisha mwanamke kiti kumbe ni mnene tu, wakamdhalilisha mbele ya abiria. Hawawezi kumwuliza, maana swali lenyewe ni tusi. Basi beji ndiyo inayosema. Nilishuhudia mwenyewe: mwanamume wa suti aliinua macho kutoka kwenye simu, akaiona beji, akasimama papo hapo. Hawakuzungumza. Mwanangu akakaa, na mimi nikapata utulivu mkubwa kuona wageni wanamtunza kwa njia yao.

Mengine niliyashika haraka. Kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, kushoto unawaachia wenye haraka. Treni ikifika unangoja wanaoshuka washuke. Foleni ni foleni hata mkiwa wawili. Basini hakupokelewi fedha taslimu tangu mwaka 2014, unagusisha kadi na kupita, hakuna konda wa kubishana naye chenji.

Lugha ndiyo ilinichukua muda, na mimi ni mwalimu wa lugha. Dukani nilimwambia binti wa kaunta nipe mkate, kwa Kiingereza changu cha darasani, akanitazama vibaya. Katika Kiswahili adabu inakaa ndani ya kitenzi chenyewe. Nikisema "naomba mkate" au "nipatie mkate" nimeshainama, na nikiongeza "tafadhali" nitaonekana kama namsihi au namkaripia. Kwao kitenzi kinakwenda kikavu, adabu yote wameiweka kwenye lile neno la mwisho. Ukilisahau, umeamrisha.

Na hili neno "sori". Ukimkanyaga Mwingereza yeye ndiye anayekuomba radhi. Nililipenda sana, lakini lilinikosesha pia, kwa sababu kwangu mimi sori ni "pole". Jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima, alikuwa anapanda ngazi na mifuko ya soko, anahema. Nikamwambia sori. Akasimama, akanishangaa, akaniambia si kosa lako. Nilitamani nimweleze kwamba pole haihitaji kosa. Tunampa pole aliyejikwaa, aliyefiwa, anayelima juani, hata aliyetoka safari njema. Ni kumwambia mtu kwamba uzito wake nimeuona. Neno hilo wao hawana, na hilo mimi nililikataa kuliacha. Nikaendelea kusema sori kwa maana yangu. Baada ya wiki kadhaa yule jirani hakunijibu tena kwamba si kosa langu. Alikuwa akiniambia ahsante, na siku moja, bila mimi kunyoosha mkono, nikamwuliza kama nimbebee mfuko mmoja. Akanipa.

Salamu nayo sikuiacha. Kwa Waislamu wenzangu, ambao East Ham ni wengi, haikuwa na shida: assalamu alaykum inavuka bahari zote. Shida ilikuwa kwa wengine. Nimekulia mahali ambapo huwezi kumpita mtu njiani asubuhi bila "mwakeye", salamu yetu ya Kiha, na Waha mnajua, mwakeye haiishii hapo, inashika na mikono, inauliza watoto, mifugo na shamba. London ina watu karibu milioni 9. Mkoa wetu wote wa Kigoma, kwa sensa ya 2022, una milioni 2 na ushee. Nilielewa kwamba mtu hawezi kuwasalimu watu wote wa behewa moja, seuze jiji. Ukimya wao ndani ya treni, ambao mwanzo niliuona kama chuki, ni kumwachia mtu chumba kidogo cha kupumulia wakati bega lako na lake yamebanana.

Lakini kituo cha basi nilichosimama kila asubuhi na mjukuu wangu mkubwa nikimpeleka shule, hapo alikuwepo mzee mmoja, kila siku, saa ile ile, kofia ile ile ya sufu. Huyo sikuweza kumpita. Siku ya kwanza nilipomsalimu aligeuka nyuma kuangalia nani anasalimiwa. Siku ya tatu akainamisha kichwa. Wiki ya pili, mvua inanyesha, akasema yeye mwenyewe kwanza: baridi leo. Nikajua huo ndio mlango wao. Habari ya watoto huiulizi, habari ya nyumbani huiulizi, lakini hali ya hewa ni ya watu wote, haimwingilii mtu. Na sisi wazee si tuna "kumekucha"? Tukaendelea na baridi na mvua mpaka Machi. Wiki ya mwisho akaniuliza natoka wapi, nikamtajia Ujiji. Akasema: kwa Livingstone!

Nyumba yangu haiko mbali na makumbusho ya Livingstone, yule mmisionari na msafiri wa zamani. Nimewapeleka pale wanafunzi miaka mingi, chini ya miembe, nikawasimulia jinsi Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alivyotoka Bagamoyo mwezi wa tatu mwaka 1871, akapitia Tabora na vita vyake na homa zake, akafika Ujiji Novemba na kumkuta mtu anayemtafuta. Na pale mbele ya umati wa watu akavua kofia, akamwuliza kama yeye ndiye Daktari Livingstone, anavyodhani. Watoto walikuwa wakicheka kila mwaka. Mzungu mwingine hapo hayupo, anauliza nini? Na mimi nilikuwa nawaacha wacheke. Stanley mwenyewe aliandika baadaye kwamba alitamani kumkimbilia na kumkumbatia, akajizuia, kwa kuwa yule ni Mwingereza na hakujua atapokelewaje. Maneno hayo nilikuwa nayasoma kama habari tu. Siku ile nikiwa nimesimama kituoni East Ham, baada ya jicho la yule mama wa kwenye basi, ndipo nilipoyaelewa. Mtu ametembea miezi minane, mikono imeshawashwa na hamu, na bado akatanguliza swali.

Nilirudi Kigoma mwezi wa nne. Wiki ile ile jirani yangu, niliyemfundisha tangu darasa la kwanza, alitoka hospitali na mtoto wake wa kwanza. Nikachukua kanga na sabuni, nikaenda, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Alikuwa amekaa mkekani, mtoto miguuni pake amelala. Nikasimama mlangoni, mikono nimeishikanisha mbele, nikasikia sauti yangu inauliza:

"Naweza kumbeba?"

Akaniinulia macho, na nikayaona yanajaa machozi.

"Mwalimu, nimekukosea nini?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Alishainuka na kuniwekea mtoto mikononi.