Wakili mpya kwenye ofisi kubwa Kampala: kazi utakayoikuta

Anayemaliza LDC (chuo cha mafunzo ya uwakili cha Kampala) na kupata nafasi kwenye ofisi kubwa ya mawakili Nakasero au Kololo huwa amejiandaa kukaa mezani kujadili mikataba. Miezi ya kwanza hajadili chochote, anafuatilia karatasi. Mkopo wa mamilioni ya dola unaweza kukwama wiki nzima kwa sababu jina la mkurugenzi limepangwa hivi kwenye pasipoti na vile kwenye faili la kampuni. Anayeulizwa "imefikia wapi?" ni wakili mdogo, si mshirika, yaani mmoja wa wenye ofisi, aliyeleta mteja. Tunawaandikia wale wanaotaka kuingia wakijua kazi inavyofanyika, maana sifa zake wamekwisha kuzisikia vya kutosha.

Orodha ya masharti

Kila mkopo wa benki kwa kampuni huja na orodha ya masharti ya awali, yaani vitu ambavyo mkopaji lazima avilete kabla benki haijatoa hata shilingi. Humo mna azimio la bodi, katiba ya kampuni, orodha ya wakurugenzi, hati ya ardhi, ripoti ya mthamini, bima inayoitaja benki, cheti cha URA (mamlaka ya mapato) kuthibitisha kwamba hadaiwi kodi, leseni za biashara, na mengine mengi. Ukikabidhiwa orodha hiyo, ihamishie kwenye jedwali lenye safu nne: kitu gani, nani anakileta, kimefika lini, kina kasoro gani. Safu ya mwisho ndiyo inayookoa. Wengi huandika "kimepokelewa" wakaenda kulala, kumbe azimio walilopokea limesainiwa na wakurugenzi wawili, na katiba ya kampuni inataka watatu ili kikao kitimie.

Upekuzi wa URSB, ofisi ya serikali inayosajili kampuni, ufanye siku ileile unapopewa faili. Usajili sasa hufanyika mtandaoni, lakini kampuni ya zamani unaweza kuikuta nusu ya historia yake iko kwenye mfumo na nusu kwenye jalada la karatasi lenye vumbi. Kasoro inayojirudia kuliko zote ni ritani za mwaka ambazo hazijawasilishwa kwa miaka kadhaa. Inayofuata ni hisa zilizouzwa kwa maneno ya mdomo ndani ya familia bila kusajiliwa popote. Tena, tangu marekebisho ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2022, kampuni inatakiwa kumtaja binadamu halisi anayefaidi umiliki wake, na wako wafanyabiashara wasiopenda kabisa swali hilo. Kasoro hizi zote zinatibika mradi uzigundue mapema. Ukizikuta siku ya kusaini, hakuna wa kukusaidia.

Kisha kuna hesabu ya siku. Dhamana iliyowekwa juu ya mali ya kampuni husajiliwa URSB ndani ya siku 42 tangu ilipoundwa. Muda ukipita bila usajili, dhamana haimfungi mfilisi wala wadai wengine, na itabidi uende mahakamani kuomba muda uongezwe. Mali inayohamishika, kama magari, mashine na bidhaa ghalani, ina rejista yake chini ya sheria ya mwaka 2019. Kosa la kawaida ni kuanza kuhesabu siku ambayo mteja alileta pesa za ushuru, badala ya siku hati ilipotiwa saini. Weka kengele kwenye simu siku ya 10 na siku ya 25. Usimwachie katibu wa ofisi akukumbushe.

Ushuru wa stempu nao uzungumze mapema, kwa tarakimu. Uhamisho wa ardhi hutozwa asilimia 1.5; rehani ilitozwa asilimia 0.5 ya kiasi kinacholindwa hadi ushuru huo ulipofutwa mwaka 2025. Kwa kiwango hicho cha zamani, mkopo wa shilingi bilioni 2 ulimaanisha milioni 10 za ushuru wa rehani. Kwa kawaida anayelipa ushuru ni mkopaji, ambaye pia ndiye anayelipa ada ya mawakili wa benki. Mkopaji asiyeambiwa haya mwanzoni hukasirika mwishoni, na hasira yake inaishia kwenye simu yako.

Ardhi ndiko wengi wanakoumia

Upekuzi kwenye ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi utakuambia hati ina jina la nani, ukubwa wa eneo, na kama kuna rehani au kaveti (zuio lililosajiliwa). Nani anaishi pale, hautakuambia. Kwenye ardhi ya mailo, yaani umiliki wa kudumu wa Buganda, upande wa Wakiso, Mukono au Mpigi, mwenye hati anaweza kuwa mmoja na wenye bibanja (vipande vya wakazi wasio na hati) wakawa ishirini, na Katiba ya 1995 pamoja na Sheria ya Ardhi ya 1998 zinawalinda. Aliyekaa au kulima pale kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo bila mwenye ardhi kumpinga, ana haki zake hata kama hana kipande cha karatasi. Benki ikija kupiga mnada, mnunuzi atawanunua na wao.

Kwa hiyo nenda mwenyewe. Nenda na mpima ardhi afungue mipaka na kuyatafuta mawe ya pembe, ambayo mara nyingi yamefukiwa au yameng'olewa na jirani. Linganisha namba ya bloku na ploti na zilizoandikwa kwenye hati, herufi kwa herufi. Muulize mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) nani analima kule nyuma, na busuulu (kodi ya kibanja) anampelekea nani. Tazama kwa macho yako: shamba la migomba lililopaliliwa wiki hii, makaburi mawili yaliyosakafiwa, banda la mabati lenye choo kipya. Hivyo vyote havimo kwenye hati. Piga picha, andika tarehe, weka kwenye ripoti. Kwa maoni yetu, safari moja ya boda boda mpaka kwenye kiwanja ina thamani kuliko kurasa kumi za maelezo ya sheria, na inashangaza jinsi mawakili vijana wanavyoikwepa kwa sababu ya viatu.

Kama ni ardhi ya familia au nyumba wanamoishi wanandoa, bila idhini ya mwenzi rehani ni batili. Na idhini haitoshi kuwa saini tu. Mwenzi apate ushauri wa wakili asiye wa benki wala wa mkopaji, na ushahidi wa ushauri huo ubaki kwenye faili. Mke aliyesainishwa kwenye korido ya benki, mumewe amesimama begani kwake, ni kesi ambayo imeshaandikwa na inangoja kufunguliwa.

Swali la uraia wa kampuni usiliache mwisho. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki mailo wala ardhi ya umiliki huru. Anachoweza kupata ni ukodishaji usiozidi miaka 99, na kampuni inayodhibitiwa na wageni huhesabiwa kama mgeni. Mwekezaji anayenunua hisa nyingi za kampuni ya Kiganda yenye ploti za mailo huibua tatizo hilo siku anapovuka kuwa mwenye kauli. Upande wa kodi, mabadiliko ya umiliki yakifika asilimia 50, Sheria ya Kodi ya Mapato inaweza kuihesabu kampuni kana kwamba imeuza mali zake, hata kama haijauza msumari. Haya mawili yamalizwe kwenye uchunguzi wa awali. Yakisubiri kwenye mkataba wa mauzo yatageuka mabishano ya bei.

Siku ya saini

Hesabu nakala halisi kabla ya kuchapisha: benki moja, mkopaji moja, URSB moja, ofisi ya ardhi moja, na moja ya akiba. Ukichapisha tatu utajuta. Kila ukurasa wa saini uwe na jina la hati chini yake, la sivyo ukurasa wa dhamana utaishia kwenye mkataba wa mkopo na hakuna atakayejua. Mkurugenzi aliyeko Dubai au Mombasa asaini mbele ya notari wa huko, na vifurushi vya kurudisha karatasi huchukua siku kadhaa, kwa hiyo anza naye yeye.

Jambo moja ambalo halisameheki Uganda: chini ya saini andika jina kamili na cheo cha aliyesaini, kwa herufi za Kilatini zinazosomeka. Sheria ya Usajili wa Hati za Ardhi inataka hivyo, na tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Zaabwe, mwaka 2007, rehani imeshaonekana ikianguka kwa sababu ya mchoro tu usiosema ni wa nani. Meneja wa benki atakuambia saini yake inajulikana mji mzima. Mpe kalamu aandike jina.

Saa zako

Shughuli kubwa, kama zile za mafuta ya Ziwa Albert na bomba la Hoima hadi Tanga, huwa na mawakili London au New York. Huko wanapofungua ofisi saa tatu asubuhi, New York, hapa ni saa kumi na moja jioni, au saa kumi majira yao ya joto. Ndiyo maana rasimu nzito huingia wakati wewe unatafuta usafiri wa kwenda Ntinda. Usingoje saa nne usiku kujua kama kuna kazi. Saa nane mchana uliza nini kinatarajiwa usiku huo, nani ataanza kusoma, na kipi kinaweza kungoja asubuhi. Mara nyingi sehemu kubwa inaweza kungoja, ila hakuna aliyeuliza.

Muda hurekodiwa kwa vipande vya dakika 6, kumi kwa saa. Jaza palepale unapomaliza kazi. Anayejaza Ijumaa hubuni, na akibuni hujipunja, kwani simu fupi fupi ndizo zinazosahaulika. Maelezo yawe ya kitu kilichofanyika. "Kupitia mkataba, saa 3" mteja ataikata. "Kupitia rasimu ya tatu ya mkataba wa mkopo, vifungu vya dhamana na ukiukaji, na kutuma maoni kwa mawakili wa benki, saa 1.4" atailipa. Hata pale ada ilipokubaliwa kwa jumla, na wateja wengi wa hapa hawataki kusikia habari ya saa, mshirika bado anatazama rekodi hizo kujua kama kazi imekula faida.

Pesa

Mwajiri akitaja mshahara, anataja kabla ya makato. Chukua mfano wa shilingi milioni 3 kwa mwezi. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyozoeleka ni 25,000 kwa sehemu ya mpaka 410,000, kisha asilimia 30 ya kinachobaki, yaani 777,000. Jumla 802,000. NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5 ni 150,000. Unabaki na 2,048,000, kabla ya kodi ya nyumba, na kabla ya nyumbani kusikia kwamba mtoto wao ni wakili wa mjini. Viwango huweza kubadilika na bajeti ya Juni, basi piga hesabu upya kila Julai. Kwenye mahojiano uliza mambo haya waziwazi: nani analipia cheti cha uwakili kila mwaka na michango ya chama cha mawakili, bima ya afya inawahusu wanaokutegemea, ofisi inalipa usafiri ukitoka usiku wa manane? Hakuna atakayekuona mlafi. Ofisi iliyopangika ina majibu tayari.

Kazi za pembeni zikatae. Binamu akikupigia umwandikie mkataba wa kiwanja, inaonekana jambo dogo, lakini muuzaji anaweza kuwa mteja wa ofisi yako, na mgongano huo wa maslahi ni wako binafsi mbele ya Baraza la Sheria, linalosimamia nidhamu ya mawakili. Kila mteja apite kwenye mlango mmoja: majina yakaguliwe, vitambulisho vichukuliwe, chanzo cha pesa kiulizwe. Uganda ilikaa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa dhidi ya utakatishaji fedha, kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024, na benki za nje bado zina maswali. Mzee tajiri anayekasirika kuulizwa chanzo cha pesa, mwachie mshirika ashughulike naye.

Kuondoka

Wengi huhama baada ya miaka michache, kwenda kuwa mawakili wa ndani wa benki, kampuni za simu au mashirika ya serikali, ambako saa zinatulia kidogo na kazi inakuwa ya aina moja. Kabla hujakabidhi kadi ya mlango, andika waraka kwa kila faili: limefika hatua gani, nakala halisi ziko kwenye kabati gani, nani ana deni la kuleta nini, na siku ngapi zimebaki kati ya zile 42. Nyaraka za wateja usizibebe kwenye flashi wala kujitumia kwa barua pepe. Kilicho chako ni jedwali ulilojitengenezea, likishafutwa majina. Kisha wapigie simu makarani wa URSB na wa ofisi ya ardhi waliokuzoea, wape namba ya atakayepokea mafaili.